Kadi ya Mantle si Akiba ya Uzeeni

Mwandishi aliyetuhimiza tununue kadi za wachezaji chipukizi wa besiboli kama akiba ya uzeeni ametolea mfano kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Mfano huo unamsuta mwenyewe.

Kwanza, hiyo si kadi ya uchipukizi wake. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951, na bei yake haiikaribii hii. Kilichoipandisha bei ya Topps ni uadimu: kwa simulizi ya Sy Berger, mmoja wa waliobuni kadi hizo za Topps, masanduku ya kadi zilizododa za mwaka ule yalitupwa baharini.

Pili, nasaha hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani waliiamini, viwanda vikachapisha bila kiasi, na kila mtu akahifadhi zake kama yai. Kilichohifadhiwa na wote hakiwi adimu. Leo nyingi haziuziki hata kwa dola moja. Hata ile ya mchezaji Ken Griffey Jr. iliyotolewa na kampuni ya Upper Deck mwaka 1989, nakala zilizopewa alama ya juu kabisa, 10, na PSA, wakaguzi wa ubora wa kadi, ni maelfu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenzetu ameandika faida tu. Ukurasa wa hasara ameuacha mtupu. Anayenunua kwa kuupenda mchezo, heri yake. Ila asiiite bahati nasibu akiba.