Akiba ya sukari ndani ya ubongo

Mtoto wa Nyakahura au Rulenge anayepelekwa hospitali ya Biharamulo au Murgwanza akiwa na degedege la malaria huenda anakabiliwa na hatari mbili kwa pamoja: vimelea, na sukari iliyoshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake. Akiba yake yenyewe ya sukari ni ndogo mno: glikojeni kidogo iliyotunzwa hasa kwenye astrositi, seli zinazozihudumia neva. Inapohitajika, neva humwaga noradrenalini. Kemikali hiyo hunasa juu ya astrositi, vimeng'enya huamka, glikojeni huvunjwa, na lakteti hupelekwa kwenye neva kama chakula. Mwaka 1981 mtafiti Pierre Magistretti na wenzake walionyesha kwamba kemikali nyingine ya neva, VIP, nayo huvunja glikojeni katika ubongo wa panya.

Akiba hiyo haidumu. Ndiyo maana mwongozo wa kutibu watoto unasisitiza kuzuia sukari isishuke kabla ya safari ya rufaa: mtoto anyonyeshwe, au kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyosawazishwa katika kikombe cha mililita 200 za maji safi. Asiyeweza kumeza asilazimishwe kunywa. Mhudumu humpa maji hayo kwa mpira wa puani. Kwinini, dawa ya malaria iliyotumika miaka mingi, ilizidisha tatizo kwa kuchochea insulini. Kila zahanati ya vijijini inastahili glukomita (kipima sukari) inayofanya kazi, pamoja na vipande vyake vya kupimia.