Dakika tano za mpakani si za kumwacha mtoto garini

Mwezi uliopita, kama saa saba mchana, nilikuwa kwenye maegesho ya kituo kimoja cha mpakani nikisubiri kuzungumza na madereva wa malori. Pembeni yangu palikuwa na Probox nyeupe, nyuma imejaa marobota ya vitenge hadi juu. Kwenye kiti cha abiria wa nyuma, kati ya mfuko wa nguo na ndoo ya plastiki, alilala mtoto wa miezi kama minane. Vioo vilishushwa upana wa vidole viwili. Dereva hayupo, mama hayupo.

Mimi na kijana mmoja muuza maji tulianza kuzunguka tukiuliza gari ni la nani. Mama alitokea mbio, karatasi mkononi. Alipomnyanyua mtoto, nywele zilikuwa zimelowa jasho na kanga aliyofunikwa imelowa pia. Mtoto akalia, nasi tukashusha pumzi.

"Nilisema dakika tano tu," alituambia. "Usiku kucha hakulala, ndiyo kwanza amepata usingizi. Nikiwa wa pili dirishani mtandao ukakatika, nikaona nikitoka napoteza nafasi. Na dereva nilimwachia, kumbe naye kaitwa na wakala."

Sikuwa na la kumjibu mama yule, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa mpakani ninaokutana nao wangefanya hesabu ileile. Mtoto amelala, ukimwamsha atalia foleni nzima. Mikono miwili ndiyo hiyohiyo ya kushika pesa, kitambulisho, cheti cha uasili wa bidhaa na simu. Gari liko hapo nje, unaliona. Hata hivyo hesabu ile ina makosa, na ni vizuri tuambiane mapema.

Kosa la kwanza ni joto. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 za mwanzo. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili walikuta kwamba hata siku ambayo nje ni nyuzi 22 tu, ndani ya saa moja gari linaweza kufika nyuzi 47, na sehemu kubwa ya joto hilo hupanda katika nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo wa Tunduma asiseme kwao kuna baridi, hili ni la wa Taveta na Horohoro peke yao. Watafiti haohao walikuta kwamba kushusha vioo kidogo hakusaidii chochote cha maana. Kivuli nacho huhama. Gari uliloliacha chini ya mwarobaini saa sita, saa saba liko juani.

Mwili wa mtoto mchanga hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Wewe unatokwa jasho na kulalamika, yeye amekwisha zidiwa. Na mtoto aliyezidiwa na joto si lazima alie. Anaweza kulegea na kunyamaza, ukadhani bado amelala. Nchini Marekani, ambako vifo hivi huhesabiwa, watoto zaidi ya 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari tangu 1998. Wengi walisahauliwa. Lakini takriban mmoja kati ya watano aliachwa na mtu aliyejua kabisa kuwa yumo.

Kosa la pili ni dakika zenyewe. Nyumbani, dakika tano za dukani huenda zikawa tano kweli. Mpakani hakuna anayemiliki muda wake. Mtandao hukatika, afisa huenda kula, mzigo wako huitwa kukaguliwa, jina kwenye karatasi linatofautiana herufi moja na la kwenye kitambulisho. Hata gari lenyewe si la kuaminika kukaa lilipo, maana askari akiamuru liondolewe njiani litasogezwa hadi uwanja wa ukaguzi, na wewe utatoka usilione. Anayesema ataliacha likinguruma na kiyoyozi kimewashwa, ajiulize ni wangapi mpakani wanaohitaji gari lenye ufunguo ndani.

Najua watakaosema sisi wenyewe tulikua hivyo na hatukufa. Wengi wetu tulikua migongoni mwa mama zetu, sokoni na shambani. Mgongoni mtoto akilegea mama anahisi papo hapo, jambo ambalo kiti cha gari hakiwezi kumwambia.

Basi tufanye nini? Mbebe, hata akiamka. Kama mnasafiri wawili au watatu kutoka kikundi kimoja, pangeni zamu kabla ya kufika: mmoja anabaki na mtoto nje ya gari, kivulini, na hatoki hapo kwa sababu yoyote. Ukimwachia dereva, mwambie waziwazi kwamba kazi yake ni mtoto, si gari, na hakikisha ana namba yako. Weka mkoba wa karatasi pembeni ya mtoto, ili usiweze kwenda dirishani bila kumwona. Baba unayesafiri na mtoto, haya yanakuhusu pia.

Nawe unayepita ukamwona mtoto peke yake garini, usiseme hayanihusu. Tafuta mwenye gari, mwite askari. Mtoto akiwa amelegea au haitikii, vunja kioo cha mbali naye, mpeleke kivulini, mvue nguo, mpoze kwa maji, kisha kimbiza zahanati.

Lakini nisiishie kwa akina mama. Vituo vya pamoja vya mpakani kama vya Busia na Namanga, vilivyozinduliwa rasmi 2018, vilijengwa ili mtu asimame mara moja badala ya mbili. Jumuiya ina sheria yake ya vituo hivyo ya mwaka 2016. Tumejisifu kwa saa ambazo malori yameokoa, na ni haki yetu. Sasa tumtazame mama mwenye mzigo wa chini ya dola 2,000, yule ambaye utaratibu rahisi wa biashara ulitungwa kwa ajili yake. Anahitaji mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: dirisha ambalo mwenye mtoto mchanga anahudumiwa kwanza, na chumba chenye kivuli, maji na mtu wa kumwangalia mtoto. Rubavu, mpakani na Goma, Rwanda imefungua kituo cha malezi kwa watoto wa akina mama wanaovuka kila siku. Walioko Rusumo, Mutukula na Sirari wana haki ya kuuliza kwa nini isiwe kwao.

Vikundi vya wafanyabiashara vina nafasi ya kulisema hili katika vikao vyao na maafisa wa forodha. Mkienda, msianze na ushuru. Anzeni na dirisha la wenye watoto, kwa kuwa linaweza kufunguliwa hata kesho asubuhi kwa karatasi moja iliyobandikwa juu ya kioo.