Tushike Majembe Pamoja Nao

Mwaka jana, masika yalipokaribia, dada mmoja alituletea habari katika jumuiya yetu, hapa chini ya mlima. Vijana wa msikiti wa jirani walikuwa wakishinda Jumamosi zao kwenye kijito kinachoteremka kutoka Uluguru. Walikuwa wametoa chupa na pampasi zilizoziba maji, wakachimba mashimo, wakapanda mikuyu kandokando. Tukasema, "Wamefanya vizuri." Kisha mmoja wetu akauliza, "Na sisi tutaonekana wapi?" Basi tukapanga siku yetu, fulana zetu na bango letu. Kati ya walionyoosha mikono kukubali, na mimi nilikuwamo.

Usiku ule nikafungua Injili ya Marko, sura ya 9. Yohana anamweleza Bwana kwamba wamemkataza mtu aliyekuwa akitoa pepo, kwa sababu hafuatani nao. Hasemi kwamba mtu huyo amemdhuru yeyote. Na ukirudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo, unawakuta wanafunzi wameletewa mtoto mwenye pepo wakashindwa kumtoa, halafu njiani wakabishana nani mkubwa kati yao. Kumbe mgeni yule alikuwa akifanya lililowashinda wao! Yesu anawaambia wasimkataze, na papo hapo anataja kikombe cha maji. Miaka yote nilikuwa nikisoma habari ya kikombe kile nikijiona mimi ndiye ninayewapa wengine maji. Sivyo. Pale wanafunzi ndio wanaonyweshwa. Anayetoa ni mtu mwingine, na thawabu ni yake.

Ndugu zangu Wakristo wa Morogoro, kikombe hicho tunakinywa kila siku. Mto Morogoro unatoka kwenye misitu ya mlima huu, na mito mingi ya Uluguru inaingia Ruvu, ambao unanywesha Dar es Salaam. Nani aliitunza misitu ile kabla kengele ya kanisa haijasikika Matombo au Mgeta? Koo za Waluguru, ambao kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, zilikuwa na misitu ya matambiko ambamo mtu hakuthubutu kukata hata ukuni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, baadaye wakaingia bara hadi milimani kwetu. Nawashukuru, kwa maana imani yangu imepita mikononi mwao. Lakini wengi wetu tulilelewa kuitazama misitu ile kwa dharau, na kitu kikishadharauliwa, shoka halikawii. Simwombi mtu akatambike. Mimi sitambiki wala sitatambika. Naomba tumwendee mzee wa ukoo ambaye bado ana msitu wake, tuketi naye, tumwamkie shikamoo na kumwambia asante, kisha tumwulize chemchemi zilizokauka zilikuwa wapi. Anajua.

Itazameni na Mazimbu. Mwaka 1978 wakimbizi wa Afrika Kusini, watu wa ANC, walianza kujenga kwenye lililokuwa shamba la mkonge shule iliyokuja kubeba jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Kati yao walikuwamo waumini, na walikuwamo wakomunisti wasiokanyaga kanisani. Hospitali yao ilitibu na majirani. Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania majengo yote, na leo watoto wetu wanasoma humo chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wenzao waliofia ugenini yako palepale. Sikumbuki kusikia tukiwashukuru katika sala zetu za Jumapili hata mara moja.

Ninachoomba si kikubwa. Kabla kigango, kwaya au usharika haujapanga siku ya kupanda miti, uulize kwanza mtaani: nani ameshaanza? Twende kwake, siku yake, kwa utaratibu wake, bila bango. Tusiende kumfundisha. Kama kuna wa kufundishwa, tuanze na wa nyumbani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na baadhi ya wenye bustani za mboga ndani ya mita hizo tunakaa nao benchi moja ibadani. Tuzungumze nao kwa upole, maana mboga hizo ndizo ada za watoto wao, na tuwasaidie kupata pa kuhamia. Nanyi mapadre na wachungaji, katika matangazo ya Jumapili, baada ya ndoa na michango, tutajieni jema moja lililofanywa wiki hiyo na watu wasio wa kwetu.

Ile siku ya bango haikufika. Tulikwenda watu tisa, Jumamosi ya vijana wale. Nilichukua mche nikataka kuutumbukiza shimoni na nailoni yake. Kijana mwenye kofia nyeupe akanizuia taratibu: "Chana kiriba kwanza, mama, mzizi upate udongo." Akakichana kwa ukucha, akashikilia udongo usimwagike, akanirudishia mche.

Bado tunakwenda. Jumamosi hii tunapanda upande wa juu wa kijito, saa moja asubuhi. Majembe ni machache, aliye nalo aje nalo.