Kisingizio cha Asilimia Moja

Mjadala wa tabianchi ukipamba moto nchini Australia, kuna hoja moja isiyokosa kutolewa, iwe bungeni Canberra au kwenye baa ya mji wa machimbo huko Queensland: sisi tunatoa kama asilimia 1 tu ya hewa ukaa ya dunia, hata tukizima kila mtambo leo hii, dunia haitajua, kwa nini basi tujitie umaskini bure? Raia wa kawaida huikumbatia hoja hiyo kwa sababu tarakimu yake ni ya kweli, na tarakimu ya kweli ikishatajwa watu wengi hunyamaza. Mimi naiona ni hoja mbovu. Ni mbovu kwa hesabu, na ni mbovu zaidi ukiipima kwa sifa ambazo Waaustralia wamejivika wenyewe.

Tuanze na hesabu. Australia ina watu milioni 27 hivi, ambao hawafiki hata nusu ya asilimia 1 ya wakazi wa dunia. Kwa hiyo hiyo asilimia 1 inayoitwa ndogo ni kama mara tatu ya fungu lao. Mchina, anayenyooshewa kidole kila siku, akipimwa mtu kwa mtu anatoa hewa ukaa kidogo kuliko Mwaustralia kwa mbali. Halafu kuna makaa ya mawe yanayouzwa nje. Bandari ya Newcastle, New South Wales, ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani za kupakia makaa: treni ndefu hushuka kutoka Hunter Valley, humwaga mzigo, na meli huelekea Japani, Korea Kusini na China. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, moshi huandikwa kwenye daftari la anayechoma, si la anayeuza. Kanuni hiyo ina busara yake, maana inazuia moshi uleule usihesabiwe mara mbili. Lakini anayeitumia kujitangaza msafi anatuchezea akili: makaa na gesi ambayo Australia inauza nje, ikishachomwa, hutoa hewa ukaa zaidi ya maradufu ya ile inayotolewa ndani ya nchi nzima. Hata tukiiacha biashara hiyo kando, nchi ambazo kila moja haifikishi asilimia 2 zikijumlishwa zinatoa kama theluthi ya hewa ukaa yote. Haba na haba hujaza kibaba. Uingereza nayo iko chini ya asilimia 1, na Septemba 2024 ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, ikiwa ndiyo nchi iliyoanzisha umeme huo.

Sasa njoo kwenye sifa. Kila tarehe 25 Aprili, kabla jua halijachomoza, Waaustralia kwa maelfu husimama kimya kuwakumbuka askari waliotua Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915. Wakati wa vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nchi yao haikuwa na watu milioni 5. Zaidi ya wanaume 400,000 walijiandikisha, wote kwa hiari, maana wapiga kura walikataa mara mbili, mwaka 1916 na 1917, watu kulazimishwa kwenda vitani ng'ambo. Zaidi ya 60,000 hawakurudi. Kampeni ya Gallipoli yenyewe ilishindwa, na Waingereza walipoteza watu wengi kuliko Waaustralia. Kwa mantiki ya asilimia 1, ibada ile ya alfajiri haina maana, kwa kuwa fungu la Australia katika majeshi yale lilikuwa dogo na lisingebadilisha matokeo. Thubutu kusema hivyo mbele ya mnara wa kumbukumbu uone utakavyotazamwa. Wanasiasa walewale wanaotoa hotuba za kishujaa siku hiyo ndio wanaorudi bungeni kutuambia kwamba mdogo hana wajibu. Februari 2017, Scott Morrison, akiwa bado msimamizi wa hazina ya taifa, aliingia bungeni na bonge la makaa ya mawe, akaliinua juu na kuwaambia wapinzani wasiliogope. Wenzake wakacheka, wakapokezana. Mwaka uliofuata akawa Waziri Mkuu.

Watetezi wa hoja hii watasema vita ni vita, lakini hewa haimsikilizi mtu, na China na India hazitafuata mfano wa nchi ndogo. Hapa ndipo wanaposahau historia yao wenyewe. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, wakiongozwa na Martin Green, walibuni aina ya seli ya sola inayojulikana kama PERC. Mmoja wa wanafunzi wa Green, Shi Zhengrong, alirudi China na mwaka 2001 akaanzisha kampuni ya Suntech mjini Wuxi. Viwanda vya China vikapanuka, bei ya paneli ikaporomoka, na teknolojia ya PERC ikatawala soko la dunia kwa miaka. Paneli zilizo juu ya mabati ya vijiji vya Kenya na Tanzania zimeshuka bei kwa sababu ya mlolongo huohuo. Maabara moja ya nchi ya asilimia 1 imeisukuma China kuliko hotuba zote za Umoja wa Mataifa. Waaustralia wenyewe wanalijua jambo hili kwa vitendo: nyumba zaidi ya milioni 4 zina sola juu ya paa, zikiwemo nyingi za wapiga kura wanaodai juhudi za nchi yao hazina faida.

Wengine husema ukame na mafuriko vimekuwapo bara hilo tangu zamani. Ni kweli, ila tangu 1910 joto la nchi kavu limepanda kwa takriban nyuzi 1.5, na 2019 ndio mwaka uliovunja rekodi kwa joto na kwa ukame. Mwaka huohuo tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi ilikuwa kali isivyo kawaida. Upande wao misitu ikateketea. Upande wetu wa Afrika Mashariki mvua zikapitiliza, na Novemba maporomoko ya ardhi yakaua makumi ya watu Pokot Magharibi, Kenya.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mchimbaji: mshahara wake unatoka kwenye makaa, na hakuna aliyemwonyesha mwingine wa kiwango hicho. Lakini ni nani anayemdanganya? Japani na Korea Kusini zimeshaahidi kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa mwaka 2050, na China 2060. Soko linaondoka, Canberra ipende isipende. Mfano upo: mtambo wa umeme wa makaa wa Hazelwood katika Latrobe Valley, Victoria, ulitangazwa kufungwa Novemba 2016 na ukafungwa Machi 2017. Mamia ya wafanyakazi walipewa miezi mitano. Uamuzi haukutoka kwa wanaharakati wa Melbourne. Mwenye hisa nyingi zaidi alikuwa kampuni ya Kifaransa iliyopiga hesabu zake ikaona mtambo haulipi. Kwa miaka mingi bonde lile lilikuwa limeambiwa na wanasiasa kwamba hakuna haja ya kuharakisha chochote.