ELIMU YA UFUNDI: NANI ATALITIA MPINI SHOKA LA KIJANA WA NGULYATI?

 

Ndugu msomaji, baada ya Sala ya Ijumaa mjini Bariadi, mzee mmoja kutoka Ngulyati alinisogelea akaniomba faragha kidogo. Alikuwa na jambo kuhusu mwanawe. Kijana huyo alimaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri, akajiunga na fundi wa pikipiki pale senta, na sasa yumo katika mwaka wa tatu. Anafungua injini na kuirudisha bila kumwuliza mtu. "Shehe," akasema mzee, "watu wa Ngulyati wanamwita fundi. Lakini alipokwenda kuomba kazi aliulizwa cheti, akarudi nyumbani kichwa chini. Sasa mimi mzazi nina fundi au sina?"

Swali hili si la mzee huyo peke yake. Tunaishi katika wakati ambapo elimu ya ufundi imepanda hadhi katika matamko ya Serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na kuanzia Januari 2024 baadhi ya shule zilianza kuwapokea wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mkondo huo. Mwaka 2023 ulianza ujenzi wa vyuo vya ufundi stadi katika wilaya zaidi ya 60 ambazo hazikuwa navyo. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini iwapo majengo yanaongezeka na baba wa Ngulyati bado hajui kama ana fundi au hana, basi ipo hatua iliyorukwa, nayo ndiyo tunayotaka kuitazama leo.

SHOKA NA MPINI WAKE

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), kisa cha mtu wa Ansari aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba msaada. Mtume alimwuliza ana nini nyumbani. Akajibu kuwa ana tandiko na bakuli la kunywea maji. Vitu hivyo vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu na kuuzwa kwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Lilipoletwa, Mtume mwenyewe alilitia mpini kwa mkono wake, akamwagiza akakate kuni na kuziuza, na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu 10.

Wengi wetu tumekisikia kisa hiki kikitumiwa kuwakemea ombaomba. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya fundisho. Tazama aliyekuwa na mamlaka alifanya nini. Alianza na kile ambacho mtu anacho. Alihakikisha watoto wana chakula kabla baba hajaanza kazi. Alisimamia upatikanaji wa zana, akaweka muda, kisha akapokea matokeo. Na baina ya yote hayo aliinama akafunga mpini. Hakumwambia, "Mashoka yapo sokoni, katafute." Mamlaka ilishuka hadi mahali ambapo chuma kinakutana na mti. Tuvipime vyombo vyetu vya umma kwa kipimo hicho.

PAMBA ILIYOFUNDISHA WATU KUSOMA

Wazee wa ukanda huu wanaweza kushuhudia kwamba jambo hilo liliwahi kufanyika hapa hapa. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lakini tangu mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulikuwa umeanzishwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mikoa yake ilikuwa minne: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, na Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa ndani yake ardhi ya Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa baadaye sana, mwaka 2012.

Siri ya mradi ule ilikuwa katika vitabu vyake. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu kinachozungumzia pamba. Mvuvi alisoma habari za uvuvi, na mwenye migomba habari za migomba. Mama aliyejifunza kuandika alijifunza palepale nafasi ya kupandia, wakati wa kupalilia na namna ya kupambana na wadudu. Baadaye likafuata gazeti la vijijini la kanda hiyo, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma asikose cha kusoma. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliifuatilia wakiwa katika vikundi, wakisikiliza, wakijadili, kisha wakichimba vyoo.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali ziliwataja kuwa ni takriban asilimia 10. Kisha uchumi ukayumba, fedha za madarasa zikapungua, walimu wa kujitolea wakachoka, na watu wakaanza kusahau walichojifunza. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 83. Maana yake ni kwamba, baada ya zaidi ya miaka 30, tupo nyuma ya pale tulipojihesabu kuwa tumefika.

Vitabu vya pamba vilifanikiwa kwa sababu darasa lilikuwa kijijini, saa zake zilifuata saa za mkulima, na somo lilikuwa kazi yake mwenyewe. Darasa lilipoondoka kijijini, hata sheria nzuri iliyobaki Dar es Salaam haikutosha kulirudisha.

VYOMBO VIPO, UMBALI UPO

Tusije tukasema kwamba hakuna vyombo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama idara ndogo ya Chuo cha Makerere, ikapewa sheria yake mwenyewe mwaka 1975. Mwaka huohuo vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano ambao Mwalimu aliuona Sweden, na leo vipo zaidi ya 50 nchini. Katika mkoa wetu kimoja kipo Malampaka, wilayani Maswa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Simiyu nayo ilikuwa miongoni mwa mikoa minne, pamoja na Geita, Njombe na Rukwa, iliyopangiwa kujengewa chuo cha mkoa kwa kuwa haikuwa nacho. Kwa watoto waliokosa shule upo mpango wa MEMKWA. Na kwa binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi shuleni umefunguliwa, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inatoa njia mbadala ya kukamilisha sekondari.

Fedha nazo zina chanzo. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Sehemu ya tozo hiyo huenda kwenye mafunzo ya ufundi, na sehemu nyingine kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Kwa hiyo shoka lipo, na mti wa mpini upo. Kinachokosekana ni mkono wa kuviunganisha pale kwenye kata. Kijana wa mzee wetu hahitaji kuanza upya darasani kwa miaka miwili ili afundishwe kufungua injini ambayo tayari anaifungua. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, huonyeshwa mapungufu yake, na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. Waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi wamekwisha kupata vyeti kwa njia hiyo. Mzee wa Ngulyati hakuwahi kuisikia habari hiyo. Na asiyeisikia ni sawa na asiyekuwa nayo.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa leo ni wavivu, na kwamba mwenye haja ataufuata ujuzi hata ukiwa mbali. Hatukatai kuwa uvivu upo. Lakini kijana aliyekaa miaka mitatu chini ya mwembe akiwa na mikono ya grisi si mvivu. Nauli, chakula cha mjini na siku za kazi zinazopotea ni mzigo halisi kwa familia inayongoja msimu wa pamba. Ndiyo maana yule Ansari alinunuliwa chakula kwanza.

PAMBA INAYOLIPIA KARAKANA

Wapo pia watakaosema kuwa halmashauri haina fedha. Hapa wananchi wa Ngulyati, ambao kata yao imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, wanapaswa kujua hesabu yao. Pamba inaponunuliwa, halmashauri hutoza ushuru wa mazao wa asilimia 3 ya bei. Huo ni sehemu ya mapato yake ya ndani. Na sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa maneno mengine, jasho la mkulima wa pamba ndilo linalopaswa kumnunulia mwanawe spana.

Tena, ndugu msomaji, mikopo hiyo kisheria haina riba. Familia ngapi za Kiislamu zimejizuia kuchukua mkopo kwa kuogopa riba, kisha hazikuambiwa kwamba upo huu usio na riba? Ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hapo lawama ni ya pande mbili. Kiongozi anayeunda kikundi hewa amekula haki ya yatima. Na kijana anayechukua mkopo halafu akabadili namba ya simu amemnyang'anya shoka mwenzake anayemfuatia. Deni ni deni hata likiwa la Serikali, na mwenye imani hutimiza amana.

Kwamba jambo linawezekana, majirani zetu wametuonyesha. Maswa vijana walitengeneza chaki kwa kushirikiana na halmashauri yao, na Meatu wakasindika maziwa. Shughuli hizo zimekuwa na changamoto zake, lakini zilianza na kile kilichopo, kama ilivyokuwa kwa bakuli na tandiko.

WAJIBU WA MZAZI, KATA NA MSIKITI

Kwanza, wazazi. Tuache kuuita ufundi kimbilio la waliofeli. Qur'ani Tukufu inatueleza kuwa Allah (S.W.) alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma na kumfundisha kutengeneza nguo za vita (sura ya 21 na ya 34), na kwamba Nabii Nuhu (A.S.) aliunda jahazi kwa uangalizi na wahyi Wake (sura ya 11). Imesihi katika Hadithi kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Kazi waliyoifanya Mitume haiwezi kuwa aibu kwa mwanao, wala kwa binti yako.

Pili, kata. Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata waulizwe maswali yenye majibu ya kuhesabika. Afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri amefika hapa lini? Ni wangapi hawajui kusoma, na darasa lao lipo wapi? Mafundi wangapi hawana vyeti, na je, halmashauri inaweza kuwaomba wapimaji wa VETA waje siku moja kwenye senta, badala ya mafundi 30 kulipa nauli 30? Karakana ya shule ya mkondo wa amali, itakapokuwapo, inafungwa saa ngapi, na kwa nini jioni isiwafundishe watu wazima?

Tatu, msikiti. Wanazuoni wa sira wamepokea kuwa baadhi ya mateka wa Badri waliachiwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto kumi kuandika. Ikiwa mateka, tena asiyekuwa Mwislamu, alifanywa mwalimu, sisi tuna udhuru gani wa kukifunga chumba cha madrasa kuanzia adhuhuri hadi alasiri, ilhali mama wa Kiislamu, na jirani yake asiye Mwislamu, hawajui kusoma maandishi ya pakiti ya dawa ya pamba? Darasa la kisomo lina haja ya ubao, chaki na mwalimu mmoja mwenye subira.

Nilimjibu yule mzee hivi: fundi unaye. Usichokuwa nacho ni shahidi wa ufundi wake, na kumtafuta shahidi huyo ni haki yako kwa halmashauri na kwa chuo. Nikamwandikia katika karatasi maneno mawili, "kurasimisha ujuzi", nikamwambia ayapeleke ofisi ya kata, na asiondoke mpaka ajibiwe. Aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. Akaniomba nimsomee tena kwa mdomo ili ayashike, kwa maana yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kusoma.