Mchezo si Upuuzi

Pana watu wazima wasemao kwamba mtoto achezaye anapoteza wakati. Humwona ameinama mchangani, wakamwita mvivu, wakamwamuru ashike daftari au akachunge mbuzi. Mimi ni mwalimu, nami nalipinga neno hilo kwa nguvu zangu zote.

Tutazame Kulamawe, katika Isiolo, nchi ya wafugaji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa mbele ya macho ya watoto. Mtu mzima afikwapo na msiba kama huo hukaa na wenzake akausimulia. Mtoto wa miaka sita atausimulia kwa maneno gani? Huokota mawe, nayo Kulamawe hayakosekani. Jiwe hili huwa ng'ombe, lile huwa ngamia, na duara la vijiti huwa boma. Ng'ombe huanguka, mtoto humwinua. Huanguka tena, humwinua tena. Jambo lililomshinda duniani sasa limo mkononi mwake, na hofu hupungua kidogo kidogo.

Haya si ndoto ya mwalimu. Daktari Margaret Lowenfeld alifungua zahanati ya watoto mjini London mwaka 1928. Aliwapa watoto wenye hofu na huzuni sinia la mchanga, pamoja na sanamu ndogo za watu, wanyama na nyumba, akawaacha wajenge ulimwengu wao. Hakuwakemea wala hakuwasahihisha; alitazama na kusikiliza. Tiba ya mchezo ndiyo hiyo: mtoto huongoza, na mtu mzima aliyefunzwa kazi hiyo hufuata.

Watanijibu kwamba mchezo haurudishi ng'ombe wala haumpi mtu ushindi katika mtihani. Ng'ombe haurudishi, ni kweli. Lakini kichwa kilichojaa hofu hakina nafasi ya hesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Naye amnyimaye mtoto mchezo humfunza kuficha. Tena mwaka 1990 Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 chautaja mchezo kuwa haki. Haki si zawadi ya kutolewa baada ya kazi.

Basi ninyi wanafunzi, mlio kaka na dada wa wadogo hao, msilipige teke boma la mawe mlikutapo njiani. Ketini kando yake, mwulizeni mwenyewe, "Ng'ombe huyu ana nini?" Kisha nyamazeni, msikilize.