BWANA SHAMBA ANASEMA: Jani Hili ni la Mti Gani?

Mwezi uliopita bibi mmoja wa hapa Milola alinijia na tawi bichi. Mjukuu wake alikuwa na homa. Alitaka kuyachemsha majani ampe anywe.

"Bwana Shamba, huu si mwarobaini?" aliniuliza.

Nililitazama tawi lile. Halikuwa la mwarobaini. Lilikuwa la mmelia. Nikamwambia, "Bibi, litupe tawi hilo. Mtoto apelekwe zahanati sasa hivi, akapimwe damu."

Bibi hakukosea kwa ujinga. Miti hii miwili ni ndugu. Wataalamu huigawa mimea kwa koo, kama sisi watu tulivyo na koo zetu. Hutazama maua, matunda na majani yake. Mwarobaini, mmelia na mkangazi ni wa ukoo mmoja. Mwembe na mkorosho nao ni wa ukoo mmoja. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na utomvu wa mwembe huwawasha baadhi ya watu.

Lakini ndugu si lazima wawe na tabia moja. Matunda ya mmelia ni sumu. Mtu akiyala huweza kutapika, kuharisha, na hata kufa.

Je, utaitofautishaje miti hii?

Mwarobaini: Jani lina kikonyo kirefu kimoja. Vijani vimejipanga pande zote mbili za kikonyo hicho. Maua ni meupe. Matunda ni marefu kidogo, kama zambarau ndogo.

Mmelia: Kikonyo hutoa vikonyo vingine pembeni. Vijani vimo kwenye vikonyo hivyo vidogo. Maua yana rangi ya zambarau. Matunda ni ya mviringo, nayo hubaki mtini hata majani yakipukutika.

Majina ya miti hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia majina mawili ya Kilatini kwa kila mmea. Carl Linnaeus wa Sweden aliueneza utaratibu huo kwa kitabu chake cha mwaka 1753. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Mmelia ni Melia azedarach.

Hatudharau dawa za wazee wetu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili. Lakini mchunguzi naye huanza kwa kuutambua mti.

Kwa hiyo, shika haya:

1. Usitumie mti usioujua vizuri.
2. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.
3. Usimpe mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini. Mafuta hayo yamewahi kuua watoto. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya mwarobaini.
4. Majani makavu ya mwarobaini yatumie ghalani. Yachanganye na kunde au choroko ili kupunguza wadudu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Chukua daftari, ufuatane na mzee anayejua miti. Andika jina la mti, mahali unapoota na rangi ya maua yake. Bandika na jani lililokaushwa. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani aitwaye Schlieben alikusanya mimea kwenye ziwa Lutamba, jirani zetu. Aliikausha na kuiandikia. Kama mgeni aliweza, wewe mwenyeji utashindwaje?

Maswali ya kuzungumza
1. Mmelia na mwarobaini hutofautianaje?
2. Kijijini kwenu, ni miti gani miwili inayofanana?